Windows 10 imefika mwisho: nihamie Windows 11, nibaki nilipo, au ninunue kompyuta nyingine?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari ndogo hapa Tanga mjini. Dukani natumia laptopu ya HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndiyo ninayochapia kazi za wateja, kuwajazia maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo, na kuwekea hesabu za duka. Mwanangu ana Dell Latitude 7490, anaisomea na kuangalizia filamu. Zote zina Windows 10. Ile ya dukani inaniletea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho na kwamba kompyuta yenyewe haifai kwa Windows 11. Fundi mmoja anasema atanipigia Windows 11 kwenye zote mbili kwa shilingi 40,000, ana njia ya kukivuka hicho kizuizi. Fundi mwingine anasema huo ni ujanja wa kutuuzia kompyuta mpya, niweke antivairasi nzuri niendelee na kazi. Shemeji yangu wa Dar anasema niziuze zote ninunue mpya. Hela ya kompyuta mpya sina kwa sasa, na naogopa kupoteza kazi za wateja za miaka minne. Apdeti nilizizima zamani, maana zilikuwa zinamaliza bando. Mimi ni mwanamke ninayejiendeshea duka peke yangu, naomba unieleze vizuri. Nifanye lipi?"

Dada yangu, ahsante kwa kunitajia hadi aina za kompyuta zenyewe. Bila hilo ningekupa jibu la jumla lisilokusaidia.

Nikiyasoma maneno yako naona hofu mbili: kuingiliwa kompyuta, na kupoteza kazi za wateja. Nianze na hiyo ya pili kwa sababu ndiyo iliyo karibu nawe zaidi leo. Kazi za miaka minne zilizokaa kwenye diski moja ya laptopu iliyotumika ziko hatarini hata kama Windows 10 ingehudumiwa miaka kumi mingine. Diski hufa bila kuaga, laptopu huibwa, chai humwagika. Kwa hiyo lolote utakaloamua ukimaliza kusoma hapa, kwanza nunua diski ya nje, nakili kazi zote, kisha ichomeke diski hiyo kwenye laptopu ya mwanao ufungue faili kadhaa uone kama zinafunguka kweli. Usiangalie folda ya Documents tu. Kazi nyingi za steshenari hulala kwenye Desktop na Downloads, na programu za hesabu mara nyingi huhifadhi kumbukumbu zake mahali pake pa peke yake. Humo ndani ya programu tafuta sehemu ya kutoa nakala, utoe nakala kwa njia hiyo. Mpaka hapo, usimruhusu fundi yeyote aguse kompyuta.

Sasa tuje kwenye ule ujumbe. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na mwisho wa huduma yake ulikuwa 14 Oktoba 2025. Siku hiyo ilipita na kompyuta yako haikuzimika, wala haitazimika. Word inafunguka, printa inachapa, intaneti inaingia. Kilichokoma ni masasisho ya kawaida ya usalama, yaani zile apdeti, ambazo Microsoft huzitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi. Fundi wako wa pili amepata nusu: kompyuta haijafa. Nusu aliyoikosa ndiyo yenye uzito.

Mfumo mkubwa kama Windows umeandikwa na binadamu, mistari mamilioni kwa mamilioni, na ndani yake yamo makosa ambayo hakuna aliyeyaona bado. Baadhi ya makosa hayo yanamwezesha mtu aliye mbali kuiamuru kompyuta yako ifanye atakalo yeye. Likigunduliwa moja, Microsoft hutengeneza kiraka cha kuliziba. Lakini kiraka kinapotoka kwa ajili ya Windows 11, wahalifu nao hukipakua. Hulinganisha faili za kabla ya kiraka na za baada yake, na ile tofauti huwaonyesha kosa lilikuwa mahali gani hasa. Windows 10 na 11 zimejengwa juu ya msingi mmoja, hivyo kosa lililozibwa kwenye 11 mara nyingi lipo pia kwenye 10, na huko halina tena wa kuliziba, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza nitakaoueleza mbele. Ndiyo maana hatari haikuja yote kwa mkupuo siku ile ya Oktoba. Inapanda mwezi hadi mwezi, kila viraka vipya vinapotoka.

Na antivairasi? Ina kazi yake, tena dukani kwako ina kazi kubwa, kwa sababu kila mteja anakuja na flashi yake na kila flashi ina safari zake. Ila antivairasi ni mlinzi wa getini: anawakagua wanaopita mlangoni. Ukuta wa nyuma ukiwa na tundu, mlinzi hana habari nalo. Mei 2017 programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry ilizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikafunga faili za watu na kudai fedha, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Haikusubiri mtu abonyeze kiungo wala achomeke flashi. Ilipenya kwenye kosa la Windows na kujisambaza yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao.

Kinachonigusa zaidi katika kisa hicho ni tarehe. Kiraka cha kosa lile Microsoft ilikwishakitoa 14 Machi 2017. Shambulio lilikuja 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Kompyuta nyingi zilizoanguka zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inapokea viraka vya usalama. Kiraka kilikuwepo, ila hawakukiweka.

Hapo ndipo nataka nikusemeshe wazi, dada, na nalisema kwa upendo. Ulipozima apdeti ili kuokoa bando, Windows 10 yako ilifika mwisho siku hiyohiyo. Tangazo la Oktoba 2025 halikukuondolea kitu ulichokuwa unakipata. Na ukihamia Windows 11 kesho kisha ukazima masasisho tena, utakuwa umelipa shilingi 40,000 kubadilisha sura ya skrini. Swali la kuhama au kubaki lina maana kwa mtu anayepokea masasisho tu, kwa hiyo tulimalize la bando kwanza.

Masasisho ya kila mwezi ni ya kujumlisha: la mwezi huu limebeba ndani yake yale ya miezi iliyopita. Huhitaji kuiacha kompyuta ipakue muda wote. Ingia Settings, sehemu ya mtandao unaoutumia, uiambie kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Swichi yake imeandikwa "Metered connection". Baada ya hapo haitapakua mambo makubwa bila wewe kutaka. Kisha panga siku moja katika wiki ya tatu ya mwezi, nunua bando la usiku au nenda penye intaneti isiyo na kikomo, fungua Windows Update na upakue mwenyewe. Kwa kuwa nyumbani mna laptopu mbili, kuna jambo jingine wengi hawalijui. Ndani ya Windows Update, kwenye "Advanced options", ipo sehemu inayoitwa "Delivery Optimization". Ukiiwasha na kuchagua kompyuta za mtandao wako wa ndani pekee, laptopu moja inaweza kumpa mwenzake sehemu kubwa ya kile ilichokwisha kupakua, mradi toleo lao la Windows linafanana. Matumizi ya bando yanapungua sana.

Tukishakubaliana kwamba masasisho yanarudi, sasa twende kwenye kompyuta zenyewe, moja baada ya nyingine.

Windows 11 inataka vitu vichache ambavyo haikuvitaka Windows 10. Inataka kijichipu cha kutunza funguo za siri kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Inataka kompyuta iweze kuhakiki saini ya programu ya kuwashia kabla haijaanza kazi (Secure Boot), ili mhalifu asijipenyeze chini ya Windows yenyewe. Inataka ramu ya GB 4 na diski ya GB 64, ingawa kwa kazi halisi ya duka mimi sishauri ramu chini ya GB 8. Na inataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia, kwa ujumla, kizazi cha 8. Kizazi unakisoma kwenye jina. Fungua Settings, halafu System, halafu About, utazame mstari wa prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6. Ukiona i5-8350U, ni cha 8. Zenye tarakimu mbili za mwanzo, kama i5-10210U, ni kizazi cha 10.

EliteBook 840 G3 yako ni ya kizazi cha 6. Ujumbe uliouona ni wa kweli. Latitude 7490 ya mwanao nyingi zake ni kizazi cha 8 na zinapita bila shida, lakini rika hilo la Latitude lilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo isome kwanza kabla hamjafurahi. Microsoft inayo pia programu ya bure ya kupimia, PC Health Check, itakayokupa jibu la moja kwa moja.

Je, fundi wa kwanza anadanganya anaposema anaweza kuvuka kizuizi? Hadanganyi. Inawezekana, na kwenye EliteBook yako huenda ikawaka na kufanya kazi vizuri tu. Ila akueleze na kilichobaki. Microsoft inasema wazi kwamba kompyuta iliyowekewa Windows 11 bila kutimiza masharti haina haki ya kupata masasisho. Kwa sasa yale ya kila mwezi kwa kawaida huwa yanaingia, lakini umesimama juu ya hisani inayoweza kuondolewa wakati wowote. Zaidi ya hapo, kila toleo la mwaka la Windows 11, kwa matumizi ya kawaida, huhudumiwa miezi 24 tu. Kompyuta yenye sifa huletewa toleo linalofuata yenyewe. Iliyovushwa kwa ujanja haipelekewi; itabidi fundi arudi kila mara na flashi yake, na kila mara umlipe. Mfano ulio karibu ni toleo la 23H2, ambalo kwa matoleo ya Home na Pro lilikoma kuhudumiwa 11 Novemba 2025. Fundi akikupigia hilo leo, atakuwa amekutoa kwenye mfumo uliokwisha na kukuingiza kwenye mwingine uliokwisha.

Sipingi ujanja huo kwa kila mtu. Kwa kijana anayejua kuushughulikia mwenyewe, kwenye kompyuta ya kujifunzia, ni njia ya maana. Kwa laptopu ya duka ambayo watu wazima na watoto wao wanaingizia nywila za Ajira Portal, namba za NIDA na taarifa za Bodi ya Mikopo, sikushauri.

Hapa naomba uangalie jambo kwa jicho jingine. Umeniuliza kila kompyuta iwekewe nini. Mimi ningeuliza kwanza kila kompyuta inabeba siri za nani. Katika nyumba yako, kompyuta yenye uwezo wa kuhama bila ujanja inaangalizia filamu, na ile isiyo na uwezo ndiyo inayopokea siri za wateja. Pendekezo langu la kwanza, ambalo halina gharama ya kununua chochote, ni mbadilishane. Latitude ihamishiwe Windows 11 kwa njia rasmi ije dukani. EliteBook irudi nyumbani kwa mwanao.

Najua kijana hatalipokea kwa vigelegele, na kama anakaa hosteli na laptopu ina masomo yake, mzungumze kwa utaratibu, kila mtu anakili vyake kwanza. Lakini EliteBook haiendi kufa. Kwa kompyuta za watu binafsi Microsoft iliweka mpango wa nyongeza unaoleta viraka vya usalama vya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kujiunga bila kulipa kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe mtandaoni, au kwa kulipa dola 30 mara moja tu, na ruhusa hiyo moja inatosha kompyuta hadi 10 zilizo chini ya akaunti hiyohiyo. Njia ya bure watu wengine huikwepa wakidhani watalazimika kununua nafasi mtandaoni. Si lazima, nafasi ya bure ni GB 5, na ukizima uhifadhi wa mafaili na picha, mipangilio peke yake haiijazi.

Ili kiungo cha kujiunga kikuonekanie ndani ya Windows Update, kompyuta iwe kwenye toleo la 22H2 la Windows 10. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia ubonyeze Enter, utaliona. Kwa kuwa ulizima masasisho muda mrefu, huenda uko toleo la nyuma, na itakubidi upande kwanza hadi hapo. Ukichelewa kujiunga usihofu: viraka vilivyotoka kabla yako unavipata vyote, ila mwisho unabaki uleule wa Oktoba 2026. Nimesema mpango huu ni wa watu binafsi, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kutaka EliteBook iende nyumbani. Wa biashara na mashirika ni mwingine: dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na bei hupanda mara mbili kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Kwa laptopu iliyotumika, fedha hiyo afadhali uielekeze kwingine.

Muda huo ukiisha, mwanao ana njia nzuri ya kuendelea: mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, ambao ni wa bure, mwepesi, unapata masasisho kwa miaka kadhaa na hautaki leseni. Mwanafunzi anaweza kusoma, kuandika, kuingia kwenye tovuti na kuangalia filamu zake bila kupungukiwa. Kwako dukani nisingeuweka. Wateja wanakuletea faili za Word, na zikifunguliwa kwa programu nyingine kurasa hupanda na kushuka, jedwali hukatika, na anayelalamikiwa ni wewe. Publisher ya kadi za harusi nayo haipo huko. Na kwa kuwa nimeitaja, ujue kwamba Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026, hivyo anza taratibu kuzihamisha kadi unazozirudia mara kwa mara ziwe PDF au umbo jingine.

Office nayo isisahaulike. Office 2016 na 2019 zilikoma kuhudumiwa siku ileile ya 14 Oktoba 2025, na za nyuma yake zilikwisha zamani. Zinafungua faili kama kawaida, ila faili la Word linalotoka kwenye flashi ya mtu usiyemjua ni mlango mmojawapo wa wahalifu. Likikuomba ruhusa ya kuwasha "macros", yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili, kataa, hata kama mteja ana haraka.

Ushauri wa shemeji wa kuuza zote ninauweka kando, si kwa ubaya. Latitude ikiwa ni kizazi cha 8, una kompyuta ya duka ya miaka kadhaa tayari. Ila siku utakapokwenda kununua nyingine, Kariakoo au hapo Tanga, kuwa macho. Maofisi ya ng'ambo yanaondoa kwa wingi laptopu za kizazi cha 6 na cha 7 kwa sababu hiihii inayokusumbua wewe, na zinakuja kwetu kwa bei ya kuvutia. Baadhi ya wauzaji wanaziwekea Windows 11 kwa ujanja kabla ya kuzipanga mezani. Kuiona Windows 11 kwenye skrini hakuthibitishi kitu. Soma namba ya prosesa mwenyewe kabla hujatoa hela, na ikiwa chini ya 8, bei ishuke au uondoke.

Kama laptopu yoyote kati ya hizi bado ina diski ya zamani ya kuzunguka, fedha ya kwanza utakayoipata nunua SSD, ile diski isiyozunguka. Hakuna mabadiliko ya Windows yatakayokupa kasi kama hiyo. Watu wengi wanaolalamika kwamba Windows 11 ni nzito, kinachowachelewesha ni diski.

Kuhamisha Latitude yenyewe si kazi ya kutisha. Tofautisha mambo mawili ambayo mafundi wetu huyaita kwa jina moja. Kuhamia juu kwa juu kunaacha faili, programu na mipangilio yako mahali pake. Kupiga Windows upya, kama fundi akifomati diski, kunafuta vyote. Wewe unataka ya kwanza. Inaanzia ndani ya Windows Update, au kwa programu ya kuhamishia inayopatikana kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, na ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Upakuaji unapita GB 5, kwa hiyo panga bando lake. Acha nafasi ya GB 30 hivi kwenye diski, chaja iwe imechomekwa na betri iwe inashika chaji, maana umeme wa Tanga hautakusubiri umalize. Kuna hali inayozuia njia hii: Windows 10 yako ikiwa ni ya biti 32, ile aina ya zamani, kwa sababu Windows 11 ipo ya biti 64 pekee. Hapo upigaji mpya haukwepeki. Printa kwa kawaida haisumbui. Draiva, yaani programu inayoiunganisha printa na Windows, iliyofanya kazi kwenye Windows 10 ya biti 64 hufanya kazi kwenye 11. Ijaribu siku ileile, chapa kurasa, skani, fungua programu ya hesabu. Usiyaahirishe majaribio hayo, kwani una siku 10 za kurudi Windows 10 bila kupoteza faili kupitia sehemu ya Recovery. Zikipita, kurejea ni kwa kufomati. Ndani ya siku hizo usifute folda ya Windows.old, inayotunza Windows yako ya zamani, hata ukiona imejaza nafasi.

Leseni nayo tuiseme, kwa kuwa ni jambo ambalo wengi wetu tunaliishi. Programu zile za kuiamsha Windows kwa hila hukuomba uzime antivairasi kwanza. Ukizima, umemfungulia mlango mtu usiyemjua na kumpa mamlaka yote juu ya kompyuta. Kwa laptopu kama zenu hakuna hata haja. Laptopu za maofisi za rika hili mara nyingi zimekuja na ufunguo halali wa Windows Pro ndani ya ubao wake. Ukiweka toleo la Pro na kuunganisha intaneti, inajiamsha yenyewe. Fundi akitaka kukuwekea kiamshaji, mwambie ajaribu hivyo kwanza.

Ikishafika dukani, unda akaunti mbili kwenye Latitude: moja yako yenye mamlaka na nywila, nyingine ya kawaida ya kuhudumia wateja. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila ya mteja, kataa, na mteja akimaliza atoke kwenye akaunti yake mbele yako.

Yapo mambo ambayo kwayo nisingependa ujaribu peke yako. Diski ikitoa mlio wa kugonga, au kunakili faili kukikwama mara kwa mara, zima kompyuta umpelekee mtu anayeokoa data kabla ya jambo jingine lolote. Kompyuta ikisema haina TPM au uhakiki wa saini umezimwa, mipangilio iko kwenye bayosi, yaani programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, na humo usiingie kwa kubahatisha. Windows yako ikiwa iliwekwa kwa mfumo wa zamani wa kuwasha, ukiubadilisha mfumo huo kwenye bayosi bila kubadilisha kwanza muundo wa diski, haitawaka. Na diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kile kifungo cha siri cha Windows, badiliko dogo la bayosi linaweza kukuletea skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute ufunguo huo mapema kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika, uuandike kwenye daftari. Betri iliyovimba nayo si ya kusubiri, hata kama kompyuta inafanya kazi.

Basi ukienda kwa fundi wa shilingi 40,000, nenda na kazi ya laptopu moja tu, ile Latitude, na mpatane bei yake. Kaa pale anapofanya. Mwambie unataka kuhamishwa juu kwa juu bila kufomati, faili alipakue kutoka Microsoft siku hiyo badala ya kutumia flashi yake ya zamani, asiweke kiamshaji, na akimaliza afungue winver mbele yako ulione toleo ni 24H2 au la baadaye. Fundi mzuri hatakasirishwa na masharti hayo. Na ukikuta prosesa ya mwanao ni kizazi cha 7, usimlipe mtu bado. Niandikie tena, uniambie winver inasema nini na diski na ramu zina ukubwa gani, kwa sababu hapo hesabu yangu yote ya kubadilishana inageuka.